Ramani za Kidijitali na Uchaguzi wa Eneo la Mgahawa: Mfano wa Kaniha, Biharamulo

Serikali ilipoirejesha, katika mwaka wa fedha 2024/2025, mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, baada ya kuisitisha Aprili 2023, utaratibu mpya ulieleza kwa kina nani anastahili kukopeshwa. Mgawanyo ulibaki uleule: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo hausemi, wala haukukusudiwa kusema, biashara ya mkopaji ijengwe mahali gani. Kwa aina nyingi za biashara suala hilo ni dogo. Mwenye mzinga wa nyuki au cherehani anaweza kuhama. Kwa anayetaka kufungua mgahawa, mahali ndiyo nusu ya mtaji, na akikosea hapo hakuna mapishi yatakayomwokoa.

Kata ya Kaniha, katika Wilaya ya Biharamulo mkoani Kagera, inafaa kuwa mfano kwa sababu mama lishe au baba lishe wa huko anakabiliwa na njia mbili zinazotofautiana sana. Anaweza kuweka mgahawa wake ndani ya kata, karibu na ofisi, shule, zahanati na gulio, ahudumie watu anaowafahamu. Anaweza pia kupeleka sufuria zake kwenye barabara kuu inayopita wilayani humo kupitia Nyakanazi, Lusahunga na Nyakahura kuelekea Ngara na mpaka wa Rusumo, ambako malori ya Rwanda, Burundi na nchi nyingine jirani hupita mchana na usiku. Kwa mazoea, uamuzi huu hufanywa kwa kuangalia jirani amejenga wapi au kiwanja cha ukoo kiko wapi. Swali ni kama ramani za kidijitali, ambazo sehemu kubwa ya taarifa zake imekwishakusanywa kwa fedha za umma, zinaweza kumpa mwananchi huyo msingi bora zaidi wa kuamua.

Wazo lenyewe si geni katika biashara ya chakula. Ray Kroc, aliyeikuza kampuni ya McDonald's nchini Marekani kuanzia miaka ya 1950, aliwahi kutumia ndege ndogo kutafuta viwanja vya migahawa yake, akitazama kutoka juu shule zilipo na makazi yanakoelekea kupanuka. Baadaye kampuni hiyo ilihamia kwenye picha za setilaiti na programu za kompyuta. Katika miaka ya 1960 mtaalamu David Huff alitoa kanuni ambayo hadi leo imo ndani ya programu nyingi za aina hiyo: uwezekano wa mteja kwenda kwenye duka fulani huongezeka kadiri duka linavyovutia na hupungua kadiri safari inavyokuwa ndefu, na siku zote hupimwa kwa kulinganisha na maduka mengine anayoweza kuyafikia. Muuza chakula wa Kaniha anaijua kanuni hiyo bila kuisoma. Ambacho hana ni namba za kuiwekea.

Namba hizo kwa kiasi kikubwa zipo. Tarehe 8 Februari 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Dodoma Operesheni ya Anwani za Makazi, ambayo majina ya barabara, namba za nyumba na nafasi ya kila jengo duniani viliingizwa katika mfumo wa kidijitali wa NaPA. Miezi sita baadaye, Agosti 23, ilifanyika Sensa ya Watu na Makazi ambayo kwa mara ya kwanza makarani walitumia vishikwambi na ramani za kidijitali za maeneo ya kuhesabia watu. Sensa hiyo ilihesabu watu 61,741,120 nchini, wakiwemo karibu milioni tatu wa Mkoa wa Kagera, na iliambatana na sensa ya majengo iliyobaini majengo zaidi ya milioni 14. Kwa upande wa programu, QGIS, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2002, ni programu huria isiyolipiwa na inafanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida ya ofisini. Barabara, mito na makazi mengi ya nchi yamechorwa pia katika OpenStreetMap, ramani inayojengwa na watu wa kujitolea duniani kote. Nchini, kazi hiyo ilipata nguvu kupitia mradi wa Ramani Huria, ambapo kuanzia mwaka 2015 wanafunzi wa vyuo vikuu walishirikiana na wananchi wa Dar es Salaam kuchora maeneo yanayokumbwa na mafuriko.

Programu ya namna hii huweka taarifa katika matabaka, moja juu ya jingine, kama karatasi zinazoonyesha mwanga. Tabaka la kwanza huwa la makazi, la pili barabara, la tatu vyanzo vya maji, la nne njia ya umeme, na kadhalika. Kisha huulizwa maswali. Ni nyumba ngapi zilizo ndani ya mwendo wa dakika 15 kwa miguu, yaani takriban kilomita moja, kutoka kwenye kiwanja hiki? Ni shule zipi zilizo jirani? Hapa pana tahadhari ya kwanza ambayo mwenye kiwanja akiisahau ataudanganya moyo wake: mduara uliochorwa kwenye ramani si mwendo wa mtu. Katika nchi ya vilima na mabonde yenye majimaji, kama ilivyo sehemu kubwa ya Biharamulo na Ngara, nyumba iliyo mita 800 kwa mstari ulionyooka inaweza kuwa kilomita mbili kwa njia inayopitika. Programu ina uwezo wa kupima kwa kufuata njia, ili mradi njia hizo ziwe zimechorwa.

Tahadhari ya pili ni kubwa zaidi. Sensa huhesabu watu pale walipolala. Mwaka 2022 kila mtu alihesabiwa mahali alipolala usiku wa kuamkia Agosti 23, na kwa mipango ya elimu, afya na maji hicho ndicho kipimo sahihi. Mgahawa haumhudumii mtu aliyelala. Unamhudumia mtu wa saa sita mchana, ambaye huenda yuko shambani, mnadani, kwenye shimo la dhahabu au ndani ya lori. Kijiji chenye kaya nyingi ambazo kila moja hupika nyumbani kinaweza kuwa soko dogo la chakula kuliko njia panda yenye nyumba kumi. Ndiyo maana tabaka la makazi, ambalo ndilo rahisi kupatikana na ndilo huvutia macho zaidi kwa rangi zake, linapaswa kupewa uzito mdogo kuliko wengi wanavyodhani.

Kwa mgahawa wa barabarani, jambo la msingi ni mahali gari linaposimama. Maelfu ya magari yanayopita kwa kasi hayana faida kwa mpishi. Dereva wa shehena inayovuka mipaka hasimami kila anapopenda: njia zake zimepangwa, mzigo wake hufuatiliwa kwa mfumo wa kielektroniki, na kuna vituo ambavyo lazima asimame. Mizani ya Nyakahura ni mojawapo wilayani Biharamulo. Aidha, katika Ushoroba wa Kati, unaoiunganisha bandari ya Dar es Salaam na nchi zisizo na bahari, Serikali ilipanga vituo vitatu vya ukaguzi wa pamoja, Vigwaza mkoani Pwani, Manyoni mkoani Singida na Nyakanazi wilayani Biharamulo, ili ukaguzi uliokuwa ukifanywa na vyombo mbalimbali katika sehemu nyingi njiani ufanyike mahali pachache. Kwa msafirishaji hilo ni kuokoa muda. Kwa muuza chakula lina maana nyingine: sehemu ndogondogo za kusimama zilizolisha vibanda njiani hupoteza wateja wake, na wateja hao hujikusanya kwenye vituo vichache. Mkopaji anayechagua kiwanja kwa kutazama foleni ya leo bila kujua kituo cha kesho kitakuwa wapi, anakopa kwa ajili ya foleni itakayohama.

Rusumo inaonyesha jinsi hilo linavyotokea. Daraja la zamani la mpakani lilikuwa jembamba, na malori yalipishana kwa kusubiriana. Daraja jipya na Kituo cha Huduma za Pamoja Mpakani vilizinduliwa Aprili 6, 2016 na Rais John Magufuli na Rais Paul Kagame wa Rwanda, na lengo lililotangazwa lilikuwa kupunguza muda wa kuvuka. Foleni inapofupika, muda wa dereva kuagiza ugali na kuusubiri hufupika pia. Hakuna anayeweza kulalamikia mpaka unaofanya kazi vizuri, lakini mgahawa uliojengwa juu ya ucheleweshaji hauna budi kubadilika: uuze chapati, mayai na chai vinavyobebeka, au uhamie mahali ambako madereva hulala. Mabasi nayo yamebadilika. Kuondolewa mwaka 2023 kwa katazo la mabasi kusafiri usiku kumebadilisha saa ambazo abiria wa masafa marefu wanapita katika miji ya njiani, na saa ya kupita ndiyo inayoamua kama abiria anataka chakula kamili au chai tu.

Katika ukanda huu huu kuna kumbukumbu kali zaidi ya soko lililohama. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 waliokimbia Rwanda walivuka Rusumo ndani ya takriban saa 24, kwa makadirio ya wakati huo ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, na kambi ya Benaco wilayani Ngara ikawa kwa muda mojawapo ya mikusanyiko mikubwa ya watu nchini. Penye watu wengi hivyo, wakiwemo wafanyakazi wa mashirika waliolipwa mishahara, biashara ya chakula ilishamiri. Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda walirejeshwa kwao ndani ya wiki chache. Laiti programu ya ramani ingekuwepo Ngara mwaka 1995, ingeipa Benaco alama ya juu kuliko mahali pengine popote katika mkoa, na kwa takwimu za mwaka huo ingekuwa sahihi kabisa. Ramani ni picha ya siku iliyopigwa. Leo Benaco ni kituo cha malori, kwa sababu tofauti kabisa na zile za mwaka 1994, na tofauti hiyo haionekani kwenye idadi ya watu bali kwenye mpangilio wa barabara.

Dhahabu hufanya vivyo hivyo kwa kiwango kidogo. Mgodi wa Tulawaka wilayani Biharamulo, uliochimbwa na kampuni ya kigeni tangu mwaka 2005, ulichukuliwa na Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, mwaka 2013 na kuendeshwa na kampuni yake tanzu ya STAMIGOLD. Wachimbaji wadogo nao huhama kufuata mishipa ya dhahabu. Wao ni wateja wazuri, wanalipa taslimu na wanakula vizuri, lakini hawana anwani ya kudumu ambayo mfumo wowote utaionyesha.

Jambo jingine linalohitaji kuangaliwa kwa makini ni nafasi tupu kwenye ramani. Mbinu ya kawaida katika vitabu vya masoko ni kuchora migahawa yote iliyopo, kisha kutafuta pengo. Mjini Nairobi au Dar es Salaam mbinu hiyo inafanya kazi kwa kiasi fulani. Katika kata kama Kaniha inaweza kupotosha, kwa kuwa vibanda vingi vya chakula havina usajili wala alama kwenye ramani yoyote. Pengo linaweza kuwa na maana tatu: hakuna mgahawa na wateja wapo, hakuna mgahawa kwa sababu hakuna wateja, au mgahawa upo na hakuna aliyeuchora. Programu haiwezi kutofautisha hali hizo tatu. Mtu aliyekaa kwenye benchi chini ya mti kuanzia alfajiri hadi jioni akiwa na daftari anaweza. Ahesabu walioshuka kwenye magari, si magari. Afanye hivyo siku ya gulio na siku isiyo ya gulio, wakati wa mavuno na wakati ghala ni tupu. Siku nne za namna hiyo hazina gharama kubwa, na zinaipa ramani kitu ambacho setilaiti haioni.

Pamoja na mapungufu hayo yote, lipo eneo moja ambalo ramani ya kidijitali inamzidi mzoefu yeyote, nalo ni kuonyesha mahali ambapo mtu hapaswi kujenga. Chini ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake, hifadhi ya barabara kuu na za mikoa ni mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Hapo awali ilikuwa mita 22.5. Eneo hilo ndilo linaloonekana zuri zaidi kwa mgahawa, kwani dereva analiona na kulifikia kwa urahisi, na ndilo ambalo jengo lake likiwekewa alama ya X nyekundu huvunjwa bila fidia. Barabara ya Lusahunga hadi Rusumo, yenye urefu wa takriban kilomita 92, ni miongoni mwa barabara ambazo Serikali imeziingiza katika mpango wa ukarabati, na ukarabati ndio wakati ambao mipaka ya hifadhi husimamiwa kwa ukamilifu. Kikundi kilichojenga kwa mkopo wa halmashauri ndani ya mita hizo kinaweza kupoteza jengo huku deni likibaki palepale.

Kwenye programu, mstari wa mita 30 huchorwa kwa dakika chache kwa barabara nzima. Ila hata hapo usahihi una mipaka. Simu ya kawaida, penye anga wazi, hukosea kwa takriban mita tano, na picha za setilaiti nazo huweza kusogea mita kadhaa kutoka mahali halisi. Mstari wa ramani ni onyo la kumfanya mtu aende na utepe wa kupimia, apime kutoka katikati ya lami, na aongeze mita za tahadhari. Kipimo chenye nguvu ya kisheria ni cha Wakala wa Barabara, TANROADS, uwandani.

Tabaka jingine la katazo ni la hifadhi za asili. Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoanzishwa mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, ina kilomita za mraba 4,707 na inagusa wilaya kadhaa, zikiwemo Biharamulo na Ngara. Wasafiri wa zamani wanaukumbuka ukanda huu wa misitu kwa mabasi yaliyosindikizwa na askari wenye silaha. Usalama umebadilika, na watalii wanaweza kuja kuwa wateja wapya; mpaka wa hifadhi, hata hivyo, ni lazima ujulikane kabla ya kuchimba msingi. Vivyo hivyo kwa mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji pale ulipokwishaandaliwa: eneo lililotengwa kwa malisho haligeuki kuwa la biashara kwa sababu lina wapita njia wengi.

Maji na umeme havihitaji maelezo marefu. Afisa Afya atauliza kuhusu maji, choo na mahali pa taka kabla ya kuuliza kuhusu chakula, na friji ya samaki kutoka Ziwa Victoria haifanyi kazi mahali nguzo za umeme hazijafika.

Taarifa zote hizi zipo katika ofisi za umma, lakini hazipo pamoja. Takwimu za watu ziko Ofisi ya Taifa ya Takwimu, anwani ziko NaPA, hifadhi ya barabara iko TANROADS na, kwa barabara za wilaya, TARURA. Maji vijijini yako RUWASA, umeme uko TANESCO, mipango ya ardhi iko halmashauri na kijijini. Mwanamke wa Kaniha anayeomba mkopo hawezi kutarajiwa kuzunguka ofisi saba ili kujua kama kiwanja chake kiko salama. Anakutana na maofisa wawili tu, Mtendaji wa Kata na Afisa Maendeleo ya Jamii. Faida ya kweli ya teknolojia hii haitapatikana kwa kumtaka yeye ajifunze QGIS. Itapatikana iwapo matabaka hayo yatakutanishwa katika ngazi ya wilaya, ambako maofisa ardhi tayari wana ujuzi wa kutumia programu hizo, na kushushwa katani kama ramani ya karatasi inayosomeka.

Ramani hiyo haihitaji kuwa na siri ya mtu yeyote. Sheria ya Takwimu inalinda taarifa za kaya binafsi, na kinachohitajika hapa ni jumla ya vitongoji, mstari wa hifadhi ya barabara, mpaka wa hifadhi ya wanyama, nguzo za umeme, visima, siku za gulio na mahali vituo vya ukaguzi vilipo na vitakapokuwa. Ikibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kata na kuandikwa tarehe ilipochorwa, kamati inayopitia maombi ya mikopo itaweza kumwomba kila mwenye wazo la mgahawa aweke kidole mahali anapotaka kujenga. Pale kidole kitakapoangukia ndani ya mstari wa barabara, ombi lirudishwe kwa marekebisho kabla fedha hazijatoka. Pale kitakapoangukia nje ya mstari, Afisa Maendeleo ya Jamii afike na utepe wa kupimia, na mwombaji afike na daftari lake la siku nne.